Nani mwenye namba 21? Kisa cha beseni la Makindye

Saa nane na dakika tano za usiku, Jumapili ya tarehe 8 Mei 2022, tulikuwa watu kumi na sita sebuleni kwa Salongo, Makindye, Kampala, wote tumelitolea macho beseni la plastiki la bluu. Ndani ya beseni mlikuwa na pesa zetu. Ukutani, nyuma ya beseni, kulikuwa na karatasi ya manila yenye majina ya farasi ishirini, na mbele ya kila farasi jina la mtu aliyemlipia. Farasi aliyeshinda mbio za Kentucky Derby, kule Marekani, hakuwemo kwenye manila.

Nakiandika kisa hiki kwa ruhusa ya wenye nyumba, na majina nimeyaacha. Salongo, kwa baba, na Nalongo, kwa mama, ni heshima wanayopewa wazazi wa mapacha hapa Buganda. Majirani waliwapa hawa wawili bila kujali kwamba wao ni watu wa Bukavu, kule Kongo. Mimi nilikuwepo kama mgeni, na pia ni katibu wa kikundi cha akiba ambacho karibu wageni wote ni wanachama wake. Hilo la ukatibu litakuja kunitia aibu mbele kidogo.

Wazo lilitoka kwa mdogo wake Nalongo, ambaye alipelekwa Marekani kwa mpango wa wakimbizi, akaangukia Louisville, Kentucky. Kila Mei anatuma picha: mji mzima umevaa kofia, akina mama wamebeba bustani vichwani, hata foleni ya duka la mboga ina maua. Ni sikukuu ya Kentucky Derby, mbio za farasi wa miaka mitatu zinazokimbiwa pale Churchill Downs tangu mwaka 1875, kwa kawaida Jumamosi ya kwanza ya Mei. Farasi hawazidi ishirini, njia ni maili moja na robo, na mambo yote yanakwisha kwa dakika mbili hivi. Rekodi ni ya farasi Secretariat, mwaka 1973: dakika moja, sekunde 59 na nukta nne. Nusu karne imepita na hakuna aliyeifikia.

Kwa nini 2022? Kwa sababu ya kafyu. Tangu Machi 2020 tulikuwa tunafungiwa ndani kila usiku, mpaka Januari 2022 walipoiondoa. Salongo alikuwa na hamu ya sherehe ambayo mtu anatoka nayo saa tisa za usiku akiimba barabarani, basi tu, kwa kuwa inaruhusiwa. Na Derby ilimfaa kwa jambo lililowasumbua wengine: farasi hutoka Louisville ikikaribia saa moja jioni ya huko, na Kampala iko mbele kwa saa saba, kwa hiyo hapa ni saa nane kasoro dakika tatu usiku. Idi ilikuwa wiki hiyo hiyo, kwa hiyo nyumba kadhaa zilikuwa bado na biskuti na hamu ya kutembelewa.

Maandalizi yalikwenda vizuri kuliko nilivyotarajia. Kule wanakunywa julep, yaani wiski ya bourbon, sukari, majani ya minti na barafu iliyopondwa, kwenye vikombe vya fedha. Bourbon ya Kampala ina bei ya kukodi farasi mwenyewe, kwa hiyo Nalongo alitumia waragi, pombe kali ya Uganda, na badala ya minti akachuma mujaaja uani, ule wa kutia kwenye chai. Barafu aliifunga kwenye kitenge cha zamani, akaketi kwenye ngazi ya jikoni akaiponda kwa mchi wa kinu, na kila pigo maji yakamrukia miguuni. Akaimimina kwenye vikombe vya stili. Baada ya dakika mbili kikombe kinaota ukungu nje na vidole vinaganda, unalazimika kukihamisha mkono hadi mkono. Kwa wasiotumia kilevi palikuwa na tangawizi na ndimu juu ya barafu ile ile, na ukweli ni kwamba hiyo ndiyo iliyokwisha kwanza.

Kofia zilikuwa shindano la peke yake. Mshindi alivaa ungo. Ungo mzimamzima wa kupepetea, amegeuza juu chini, amebana mawaridi mekundu kwa stepla mpaka stepla ikaishiwa pini. Mawaridi yalitoka mashamba ya upande wa Entebbe, yale yenye shina fupi yasiyofaa kupanda ndege kwenda Ulaya. Farasi anayeshinda Derby huvishwa shada la mawaridi zaidi ya mia nne. Sisi tulikuwa na arobaini, na thelathini yalikuwa kwenye ungo.

Chakula sitakizungumza sana: nyama choma ya mbuzi, ndizi za gonja, sambusa, na sinia la muhogo wa kukaanga lililoletwa kwa kicheko, maana wiki hiyo nchi nzima ilikuwa inazungumzia muhogo baada ya Rais kusema kwenye Siku ya Wafanyakazi kwamba aliyekosa mkate ale muhogo.

Sasa beseni.

Alhamisi jioni, siku mbili kabla ya mbio, kikundi cha akiba kilikutana kwa Salongo kama kawaida. Baada ya hesabu alitoa vikaratasi ishirini alivyochapisha kwa kijana wa fotokopi. Majina yalitoka kwenye orodha rasmi iliyopangwa Louisville Jumatatu. Kila kikaratasi shilingi elfu kumi, unafunga macho, unachota. Wengine walichukua viwili. Maneno yake nayakumbuka kwa sababu baadaye tuliyarudia kama aya: "Mwenye farasi atakayeshinda anachukua beseni." Laki mbili kamili. Nalongo akaandika kwenye manila: namba, farasi, mtu.

Haji, jirani yao, Mnubi wa Bombo aliyestaafu jeshini, alikataa kuchota. "Mimi kamari sichezi, Salongo. Nitachoma nyama." Hakuna aliyeona umuhimu wa jambo hilo wakati huo.

Mimi nilipata Zandon. Mwalimu, jirani yangu wa kiti, akapata Epicenter, ambaye kila mtu aliyesoma kidogo alijua ndiye anayepewa nafasi kubwa. Mpwa wake Nalongo, binti wa miaka 22 anayesoma chuo, akachota namba 20: Ethereal Road.

Ijumaa saa tatu asubuhi ya Louisville ndiyo ilikuwa mwisho wa kubadilisha orodha. Kidogo tu kabla ya hapo mkufunzi wa Ethereal Road alimtoa farasi huyo. Nafasi ikaenda kwa farasi wa akiba aliyekuwa anasubiri nje, Rich Strike. Hakupewa namba 20. Alibaki na yake, 21.

Kwa saa zetu ilikuwa Ijumaa saa kumi jioni. Usiku huo mdogo wake Nalongo alituma ujumbe wa sauti kwenye kundi letu la WhatsApp. Dakika nne na sekunde kumi na moja. Alianza kwa salamu, akaulizia mapacha, akaeleza mvua ya Kentucky, akalalamikia bei ya mafuta. Nimeusikiliza baadaye mara kadhaa. Kwenye dakika ya tatu na ushee anasema, katikati ya sentensi nyingine, "halafu huyo namba ishirini wamemtoa, ameingia mwingine, ishirini na moja, mumbadilishe." Tulikuwa tumeweka vidole gumba vinane chini ya ujumbe ule. Hakuna aliyefika dakika ya tatu.

Jumamosi wageni walifika kuanzia saa tatu usiku. Kusubiri kwa muda wa saa tano si mchezo, na hapa nampa Salongo alama zake: hakuacha watu wakae tu. Alionyesha kwenye projekta mbio za zamani, ile ya Secretariat tukairudia mara tatu. Kisha Mwalimu akatupa hadithi ambayo wengi hatukuijua, kwamba kwenye Derby ya kwanza, 1875, wapanda farasi 13 kati ya 15 walikuwa watu weusi, na mshindi Oliver Lewis juu ya farasi Aristides alikuwa mmoja wao. Isaac Murphy akashinda mara tatu, Jimmy Winkfield mara mbili mfululizo, 1901 na 1902. Baada ya hapo ubaguzi uliwasukuma nje, na mchezo waliokuwa wakiutawala ukawa wa wengine. Nyumba ilinyamaza kidogo. Haji, mikono imejaa mafuta ya mbuzi, akauliza, "Na hao farasi walikuwa wa nani?" Mwalimu akacheka bila furaha.

Fundi aliingia saa nane kasoro dakika chache. Anatengeneza majokofu, alikuwa ameitwa mahali, na Alhamisi hakuwepo. Kwenye ukuta farasi walikuwa tayari wanaingizwa vizimbani mmoja mmoja. Kamera ikamwonyesha wa mwisho, wa pembeni kabisa, kitambaa chake kimeandikwa 21. Fundi akatazama manila, akatazama ukuta.

"Nalongo, huyu wa mwisho hana mwenyewe?"

Nalongo alikuwa anamimina. "Nani?"

"Ishirini na moja. Basi wangu." Akatoa noti ya elfu kumi, akaibana chini ya chupa ya chai.

"Haya, Fundi."

Vizimba vikafunguka. Kilichofuata wengi mtakuwa mmekiona. Walioongoza walitoka kama wamechomwa sindano: robo maili ya kwanza ilikatwa kwa sekunde 21 na nukta 78, haijapata kutokea kwenye Derby. Farasi wanaoanza hivyo kwa kawaida huishiwa pumzi mwishoni, lakini sisi hatukujua, na mwenye kikaratasi cha Summer Is Tomorrow, farasi aliyekuwa mbele, alikuwa amesimama juu ya kiti. Kabla hata hawajaingia kona ya mwisho, simu ya Nalongo ikalia. Mdogo wake, spika wazi, anapiga mayowe: "Ishirini na moja! Ishirini na moja!" Nalongo akamwambia apunguze sauti, tunaangalia mbio. Matangazo yetu yalikuwa yanachelewa, hatukulifikiria hilo. Kwenye ukuta, Epicenter na Zandon walikuwa wameshikana bega kwa bega mita mia mbili za mwisho, na mimi na Mwalimu tumeshikana mashati. Kutoka ndani, karibu na uzio, akapenya farasi mwekundu ambaye hata mtangazaji alichelewa kumtaja jina. Rich Strike. Dau lake lilikuwa themanini kwa moja, yaani kila shilingi moja aliyowekewa ililipa faida ya themanini. Katika historia yote ya Derby ni Donerail peke yake, 1913, aliyeshinda akiwa amepuuzwa zaidi.

Sekunde kumi za shangwe. Halafu macho yote kwenye beseni.

Madai yalitoka matatu. Binti alisema nafasi ya namba 20 ndiyo iliyoshinda: yeye alilipia nafasi, farasi alibadilishwa na wao wenyewe, mrithi wa farasi wake ni farasi wake. Mwalimu alisema mshindi hayupo kwenye manila, kwa hiyo mbio zetu ni za walioandikwa, na wa kwanza kati yao ni Epicenter. Fundi hakusema mengi. Alionyesha noti yake chini ya chupa.

Dai la binti linavutia ila halisimami. Wenyewe wa Louisville hawakumchukulia Rich Strike kama Ethereal Road aliyebadilishwa jina. Walimwacha na namba yake. Na kwa desturi ya michezo hiyo, farasi akitolewa kabla ya mbio, aliyemwekea pesa anarudishiwa pesa yake. Harithishwi. Kwa hiyo haki yake ni elfu kumi. Lakini hapa Mwalimu aliharibu hoja yake nzuri kwa neno baya. Alisema binti hana haki ya lolote kwa sababu sheria ya bahati nasibu ya mwaka 2016 inataka mtu awe na miaka 25 ndipo acheze kamari. Haji, kutoka mlangoni: "Na Alhamisi mlipopokea elfu kumi yake alikuwa na miaka mingapi?"

Dai la Fundi ndilo gumu, na nimelitafakari kuliko yote. Alitaja farasi, alitoa pesa, mwenye nyumba alisema haya. Kwa macho ya kawaida hayo ni makubaliano. Tatizo ni saa. Simu ya Louisville ilitufikia wakati farasi wetu wa ukutani hawajafika kona ya mwisho, maana yake picha yetu ilikuwa nyuma kwa nusu dakika au zaidi. Fundi alibana noti yake sekunde chache kabla vizimba havijafunguka kwetu. Huko kwenyewe farasi walikuwa wameshaondoka. Kwa kawaida dau hufungwa vizimba vinapofunguka, si vinapoonekana kufunguka Makindye. Hakuwa na hila. Na hata kama angekuwa na jicho huko, angeona farasi wake yuko karibu na mkia. Lakini alichelewa, kwa mara ya pili usiku huo.

Usiku hakuna aliyeamua. Watu waliondoka bila kuimba.

Jumapili saa nne asubuhi, kwenye chai, tukamwomba Haji aamue, kwa kuwa ndiye pekee ambaye beseni halikumgusa. Mimi nilipendekeza hivi: binti achukue yake, Fundi achukue yake, laki na tisini iende kwa Mwalimu. Haji alitikisa kichwa. Akaniuliza Salongo alisema nini Alhamisi, neno kwa neno. Nikamwambia. "Alisema atakayeshinda. Hakusema atakayekaribia. Aliyeshinda hana mtu. Pesa zirudi kwa wenyewe."

Alikuwa sahihi, ingawa Mwalimu hadi leo haniamini kwamba ninalisema hilo bila wivu wa Zandon.

Ndipo tulipohesabu. Kwenye beseni mlikuwa na laki moja na hamsini na tano.

Salongo hakuiba, na ninataka hilo lieleweke. Jumamosi mchana barafu ilikuwa haijatosha, mkaa umepanda, bando la matangazo linahitajika. Akachota 45,000, akijiambia atarudisha kabla ya usiku. Kisha wageni wakaanza kuingia. Kama farasi wa mtu yeyote wa kwenye manila angeshinda, pengo lingeonekana vilevile, ila mbele ya mtu mmoja aliyejaa furaha, ambaye angeambiwa "nitakukamilishia Jumatatu" na angecheka. Sasa lilionekana mbele ya watu wote, asubuhi, bila waragi.

Na mimi katibu? Kikundi chetu kina katiba ya kurasa sita kwa ajili ya akiba ya elfu hamsini kwa mwezi. Sanduku lina kufuli tatu, na kila ufunguo uko kwa mtu wake. Watu wale wale, nyumba ile ile, jioni ile ile, tukaweka laki mbili kwenye beseni lisilo na kifuniko, juu ya kabati la vyombo, jikoni. Kwa kuwa ni mchezo. Nikirudi nyuma kutafuta pale mambo yalipoharibika, sifiki kwa Rich Strike. Nafika Alhamisi, mara mbili: tulichota mapema mno, kabla orodha haijafungwa kule, na tukaacha pesa ya mchezo ilale pamoja na pesa ya jikoni. Farasi wa akiba alikuja tu kufunua.

Salongo alilipa upungufu kwa simu, kidogokidogo, ikamchukua wiki mbili. Fundi alikataa kurudishiwa. Noti yake ilikaa chini ya chupa ya chai mpaka Nalongo alipoinunulia maziwa. Binti alichukua elfu kumi yake na hakumsalimia Mwalimu hadi Krismasi.

Mwaka uliofuata niliogopa hawatarudia. Walirudia, tarehe 6 Mei 2023, lakini safari hii juu ya manila kulikuwa na mistari mitatu kwa mkono wa Nalongo. Kuchota ni Jumamosi saa tatu usiku, si kabla. Farasi akitolewa baada ya hapo, mwenyewe anarudishiwa. Beseni linakaa kwa Haji. Hakutaka kushika pesa ya kamari, kwa hiyo tulibadili: badala ya pesa, kila mtu alileta kitu cha kuliwa au kutumika nyumbani, kilo ya sukari, mche wa sabuni, lita ya mafuta, na mshindi alibeba vyote. Hilo Haji alisema ataliangalia kwa jicho moja.

Wiki hiyo Louisville walitolewa farasi watano, watatu wa akiba wakaingia, wakakimbia kumi na wanane. Forte, aliyekuwa anapewa nafasi kubwa kuliko wote, alitolewa na daktari wa wanyama asubuhi ya mbio. Kwetu ilikuwa jioni, mkaa ndiyo kwanza unawashwa. Mdogo wake Nalongo alituma ujumbe wa sauti wa dakika tano, na safari hii tuliusikiliza wote kwa pamoja, kwa spika, mpaka mwisho, pamoja na hali ya hewa.

Fundi alikuwa amefika tangu saa kumi na mbili. Yeye ndiye aliyekata vikaratasi.